Daftari la Yaliyosahaulika

Mkulima wa Songea hununua mbolea ya kupandia kabla ya mvua za Novemba. Ifikapo Januari, mahindi yakiwa yamedumaa, hutilia shaka alichouziwa na kutaka kulalamika. Hapo huulizwa mambo matatu: alinunua lini, kwa wakala gani, na risiti iko wapi. Akiwa ameyasahau yote, haki yake haijafutika, lakini kuithibitisha kumekuwa kugumu.

Usahaulifu wa namna hii humgharimu mtumiaji kila siku: bili ya maji iliyopitiliza tarehe, bima ya pikipiki iliyokwisha jana, namba ya mita isiyokumbukwa giza likiwa limeingia. Kusahau si upungufu wa akili. Mwaka 1885, mtafiti wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya yaliyokaririwa hupotea katika saa chache za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana tunashauri jambo liandikwe papo hapo, si jioni.

Kwa wiki mbili, kila unaposahau jambo, andika mstari mmoja: ulisahau nini, ulikuwa wapi, ulikuwa ukifanya nini, na ulipata hasara gani. Usijilaumu, andika tu. Mwishoni soma mistari yote kwa pamoja. Utaona kwamba kusahau kuna mazoea yake, na kila zoea lina dawa yake:

1. Ukisahau uliyoambiwa kwa simu ukiwa njiani, mwombe mwenzako akutumie ujumbe wa maandishi.

2. Ukisahau mambo yasiyo na siku maalumu, yafunge kwenye jambo ulilozoea kulifanya. "Nikirudi sokoni Jumamosi nitalipa maji" hukumbukwa kuliko "nitalipa wiki hii".

3. Ukisahau vitu nyumbani, viweke usiku mahali ambapo huwezi kutoka bila kuviona.

Katika daftari hilohilo, tenga kurasa za manunuzi. Maandishi ya risiti ya mashine ya EFD hufifia kwa joto na kwa muda; nakili tarehe, kiasi, jina la muuzaji na namba ya risiti, kisha ipige picha. Ujumbe wa LUKU wenye tarakimu 20 usiufute kabla umeme haujaingia kwenye mita. Namba ya siri ya simu au ya benki isiandikwe humo kamwe.

Tahadhari: usahaulifu unaoanza ghafla, au unaomfanya mtu apotee katika njia aliyoizoea, haumalizwi na daftari. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza: hata haki huweza kupotea vivyo hivyo.