Mita 10 za Mraba Anazopitia Mbu

Gati jipya la Bandari ya Mtwara, lenye urefu wa mita 300, liligharimu Sh 157.8 bilioni. Naitanguliza namba hiyo kwa sababu nataka kupimia namba nyingine isiyotajwa sana mkoani hapa: gharama ya kuzuia mbu wasiingie kwenye nyumba tunazolala.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima malaria watoto wa chini ya miaka 5. Kwa Tanzania nzima, asilimia 8 walikutwa na vimelea, wakati mwaka 2008 walikuwa asilimia 18. Vyandarua, vipimo na dawa mseto vimefanya kazi kubwa, na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini Mtwara ilikuwa asilimia 20, ya pili nyuma ya Tabora yenye 23. Mtoto 1 kati ya 5. Mkoa wenye bandari, gesi, korosho na kiwanda cha saruji pale Msijute chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka haupaswi kuwa hapo.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala. Akikutana na ukuta hupanda nao hadi kwenye upenu, na akikuta mwanya kati ya ukuta na paa anaingia bila shida. Tupige hesabu ya nyumba ya kawaida, mita 8 kwa 6. Mzunguko wa kuta zake ni mita 28. Mwanya wa sentimita 15 ukizunguka nyumba nzima unafanya uwazi wa mita za mraba 4.2. Ongeza madirisha 4 ya mita 1.2 kwa 1.2, ambayo ni mita za mraba 5.8. Jumla ni mita za mraba 10. Baba anaweza kuhangaika miaka sita kupandisha nyumba ya tofali, akapaua bati zuri, lakini hizo 10 zikibaki wazi familia yake inaendelea kuumwa.

Na mara nyingi zinabaki wazi. Huku watu hujenga kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakatoka, utaona toyo zimebeba bati na saruji kuelekea vijijini. Msimu mmoja msingi, mwingine boma linafika renta, mwingine kupaua. Ikifika zamu ya madirisha fedha imekwisha, kwa hiyo dirisha linazibwa kwa gunia au tofali kavu, na familia inahamia hivyo hivyo. Ndani kunakuwa na joto, chandarua kinasukumwa pembeni, na moshi wa kuni hauna pa kutokea. Kifua cha mtoto na malaria yake vinatoka chumba kimoja.

Tuchukulie wavu, mbao za kubania na kazi ya fundi ni Sh 30,000 kwa mita moja ya mraba. Kwa mita 10 ni Sh 300,000. Kwa bei ya Sh 3,300 ambayo Serikali ilitangaza kununulia korosho mwaka 2018, hiyo ni kilo 91, zaidi kidogo ya gunia moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 mkoani. Tukikadiria watu 4 kwa kaya, tunapata kaya zipatazo 409,000. Kuwekea wavu nyumba zote, hata ambazo tayari zinao, ni kama Sh 123 bilioni. Gati moja limezidi hapo.

Sisemi gati lisingejengwa. Korosho zetu zinahitaji pa kupakilia. Nasema fedha za ukubwa huo zinajulikana zinavyotafutwa na zinavyopatikana.

Ila wavu peke yake haumalizi kazi. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kaya 800 katika vijiji 91. Nusu ziliwekewa paa la bati na kuzibwa vizuri, zote zikapewa vyandarua, na malaria kwa watoto haikupungua zaidi kwenye nyumba zilizoboreshwa. Hapa nchini, kijijini Magoda wilayani Muheza, zilijengwa nyumba 6 za mfano. Nyumba za zamani zilizofanyiwa marekebisho zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Nyumba mpya za chini, asilimia 77. Za ghorofa, asilimia 96, na zilikuwa na ubaridi zaidi ya nyumba za kawaida. Mbu wengi huruka karibu na ardhi, hivyo anayelala juu anawakwepa.

Mradi wa Star Homes uliletwa Mtwara kwa hoja hiyo. Katika vijiji 60, kaya 110 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipangiwa nyumba mpya na 440 zikabaki kwenye nyumba zao, ili watoto wapatao 1,650 wa chini ya miaka 13 wafuatiliwe kwa miaka 3: malaria, maambukizi ya njia ya hewa na kuhara. Vyumba vya kulala viko juu, vikiwa na kuta zinazopitisha upepo na kuzuia mbu. Maji ya mvua yanavunwa kutoka paani na choo kinazuia inzi. Nyumba moja inashughulikia magonjwa matatu ambayo zahanati huyatibu moja moja.

Lakini 110 kwa kaya 409,000 ni nyumba 1 kwa kila kaya 3,700. Ghorofa kwa kila mtu haitakuja kesho, na watoto wanalala leo usiku. Kwa hiyo ningeanza na mafundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi seremala kikikopeshwa kutengeneza fremu za wavu kabla ya Oktoba, mkulima atazikuta tayari akiwa na fedha mkononi, na boma lake likiwa bado kwenye renta.