Lucban: Sherehe na Dhiki katika Daftari Moja

Tarehe 15 Mei nyumba za Lucban huvikwa mazao. Bilinganya, pilipili, mikungu ya ndizi, masuke ya mpunga na mafungu ya soseji hutundikwa madirishani tangu chini hadi juu. Katikati yake huning'inia maelfu ya karatasi za rangi zenye umbo la jani. Kumbe si karatasi, ni wali. Mji wenyewe uko mkoa wa Quezon nchini Ufilipino, chini ya mlima Banahaw. Ulianzishwa na wamisionari Wafransisko mwaka 1578, na watalii huujua kwa siku hiyo moja tu, sikukuu ya Pahiyas. Anayeheshimiwa ni Mtakatifu Isidori, kibarua wa shamba wa Madrid. Simulizi inasema malaika alimshikia plau wakati yeye anasali. Wakulima wa Lucban hawakukosea kumchagua msimamizi wa namna hiyo.

Anayetaka kuuelewa mji huu asianzie kwenye picha za watalii. Aanzie jikoni, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, wanawake wanapotengeneza kiping, yaani hayo majani ya wali. Mchele huloekwa, husagwa ukawa uji mzito, ukatiwa chumvi kidogo na rangi: nyekundu, manjano, kijani, waridi. Uji hupakwa juu ya jani bichi la kahawa, la kakao au la mti wa porini uitwao kabal, kwa tabaka jembamba mno. Jani huwekwa kwenye mvuke kidogo tu, kisha huachwa lipoe na kukauka. Kazi yenyewe ni kubandua. Mwenye pupa huchana, na aliyezoea huanza kwenye ncha, akavuta polepole mpaka wali utoke mzima ukiwa na chapa ya kila mshipa wa jani. Baada ya hapo kiping hulazwa chini ya kitu kizito ili zisijikunje. Zikishanyooka, hupangwa tabaka kwa tabaka kuwa taa kubwa za kuning'iniza, arangya. Mvua ikinyesha siku ya sikukuu, kazi yote hiyo hulowa na kulegea, na Lucban ni mji wa mvua. Zikisalimika, zinaweza kukaangwa na kuliwa.

Njia ya maandamano ya sanamu ya Isidori hubadilishwa kila mwaka ili mitaa ipokezane. Nyumba zilizo kwenye njia hiyo ndizo hupambwa sana, na kuna zawadi kwa nyumba iliyopendeza kuliko zote. Mwaka ambao zamu ni ya mtaa wako, huna pa kujificha. Hata asiye na shamba atapamba kwa alichonacho: mwenye kusuka kofia atatundika kofia, mwenye kutengeneza soseji atatundika soseji. Milango huwa wazi, na mgeni asiyejulikana huvutwa ndani akaketishwa mezani. Barabarani huuzwa pancit habhab, tambi zilizonyunyiziwa siki na kuwekwa juu ya kipande cha jani la mgomba. Huliwa bila uma wala mkono. Unalikunja jani na kulipeleka kinywani. Jioni, sanamu ya Isidori ikishapita, mapambo huporomoshwa na watu hugawana mazao.

Hapo ndipo mwenye busara za mbali huuliza: fedha hizi zote za nini, kwa watu wenye dhiki? Swali si la kijinga. Zipo familia zinazokopa ili zipike. Ufilipino nzima inajulikana sana kwa mkopo uitwao “tano-sita”: unachukua peso 5, unarudisha 6, na mkusanyaji anapita na pikipiki kila siku kudai chake. Ndiyo ile mikopo ambayo mitaani Tanzania huitwa kausha damu. Mama muuza mboga akishajiingiza humo kwa ajili ya nguruwe wa sikukuu, atalipa mpaka mpunga uvunwe. Nami sitamsifu kwa hilo.

Lakini mwenye kulaumu hajaliona daftari zima la kusaidiana. Anayeona karamu ya Mei na asiione meza ya msiba ya Agosti ameona ukurasa mmoja.

Mtu akifa Lucban, kama ilivyo katika miji mingi ya Wafilipino, jeneza huletwa sebuleni na mkesha hudumu siku kadhaa usiku na mchana, mara nyingi kwa kumsubiri mtoto aliye mbali. Maiti haachwi peke yake. Majirani huja usiku na kukaa chini ya turubai uani. Hupewa kahawa, biskuti, karanga na supu. Kisha hutolewa karata. Mgeni anaweza kushtuka kuona watu wanacheza kamari hatua chache kutoka kwenye jeneza, lakini atazame vizuri: kila mchezo ukiisha, sehemu ya fedha huwekwa kando kwa ajili ya wafiwa. Kamari ile ni mchango. Nayo huwafanya watu wakae macho mpaka alfajiri, jambo ambalo rozari peke yake haiwezi. Dola ina sheria kali dhidi ya kamari haramu, ila kwenye mkesha wa msiba askari mara nyingi hufumba macho.

Rambirambi huwekwa kwenye bahasha, na familia huandika nani katoa kiasi gani. Siku nyumba ya aliyetoa itakapofiwa, daftari litafunguliwa. Hayo hayatangazwi wala hayasahauliki. Mila nyingine za mkesha hazina hesabu ndani yake: wafiwa hawamsindikizi mgeni mlangoni, nyumba haifagiwi, na anayetoka msibani hapiti moja kwa moja kwake, huzunguka kwanza sehemu nyingine, dukani au kwenye mgahawa, ili roho isimfuate nyumbani. Siku ya maziko watoto wadogo hupitishwa juu ya jeneza, mkono kwa mkono, marehemu asije kuwatembelea. Baada ya hapo ni sala za siku tisa, kisha arobaini, kisha mwaka mmoja ambapo nguo nyeusi huvuliwa. Kila mara watu hulishwa. Msomaji wa Zanzibar au Bagamoyo hahitaji kuelezwa arobaini ni nini wala inagharimu kiasi gani.

Ubatizo na ndoa ni kurasa nyingine za daftari hilo. Mtoto mmoja anaweza kuwa na wazazi wa ubatizo kumi au zaidi, na huchaguliwa kwa macho mawili: la dini na la ada ya shule. Krismasi, baada ya misa tisa za alfajiri kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, watoto huwazungukia wazazi hao, huwashika mkono na kuugusisha kwenye paji la uso, salamu ya heshima yenye uzito wa shikamoo, kisha husubiri noti. Utani wa nchi nzima ni kwamba siku hiyo baba wa ubatizo huwa “amesafiri”. Posa nayo hufanywa kwa ukoo wa kijana kwenda nyumbani kwa binti na chakula chao mkononi. Kwenye arusi maharusi hucheza huku wageni wakiwabandika noti kwenye nguo. Talaka haimo katika sheria za nchi, isipokuwa kwa Waislamu, kwa hiyo watu hufikiri mara mbili, au hutengana kimyakimya na kubaki wameoana kwenye karatasi.

Dhiki yenyewe inatoka wapi? Jibu liko juu ya mnazi. Quezon ni mkoa wa minazi kwelikweli, na mkulima wake huuza mbata kwa bei inayopangwa mbali naye. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya utawala wa Ferdinand Marcos, wakulima walikatwa tozo kwa kila mbata waliyouza, wakiambiwa ni kwa maendeleo yao. Fedha hizo ziliishia katika benki na katika hisa za kampuni kubwa ya San Miguel, mikononi mwa watu wa karibu na rais. Kesi ziliendelea miongo mingi. Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2012 kwamba hisa zile ni za serikali kwa manufaa ya wakulima, na sheria ya kuunda mfuko wao iliposainiwa mwaka 2021, wengi waliokatwa walikuwa wameshazikwa, kwa rambirambi za wakulima wenzao. Watoto wao ndio wakawa wanangoja.

Halafu kuna upepo. Kimbunga Rammasun cha Julai 2014 kilipita Quezon na kuangusha minazi mashambani. Mpunga ukianguka unapandwa tena msimu ujao, lakini mnazi hukudai miaka kadhaa kabla ya kukupa nazi ya kwanza. Miaka hiyo mtu anaishi kwa nini? Kwa jirani, na kwa duka la uani linalouza siki ya mfuko mdogo, sigara moja moja na shampuu ya pakiti, na kuandika deni. Jioni wanaume hukaa na lambanog, pombe kali inayokenekwa kutokana na tembo la mnazi. Glasi ni moja, mmiminaji ni mmoja, na glasi huzunguka kwa zamu. Mwenye kukosa fedha ya kununua hakoseshwi zamu yake.

Siku hizi daftari limevuka bahari. Mwaka 1974 Ufilipino ilitunga Sheria ya Kazi iliyofanya kupeleka watu ng'ambo kuwa mpango wa taifa, na leo fedha zinazotumwa nyumbani huzidi dola za Marekani bilioni 30 kwa mwaka. Nyuma ya takwimu hiyo kuna wauguzi, mabaharia na, kwa wingi sana, wanawake wa kazi za ndani, wakiwa Hong Kong, Singapore na Ghuba, ambako jikoni hukutana na mabinti kutoka Mombasa, Tanga na Kampala. Upande wa pili wa Banahaw uko mji wa San Pablo. Ndiko alikotoka Flor Contemplacion, mama wa watoto wanne aliyekuwa mfanyakazi wa ndani Singapore, akahukumiwa kwa mauaji na kunyongwa tarehe 17 Machi 1995. Wafilipino wengi waliamini hakutenda kosa lile. Jeneza lake lilipofika, nchi ilitetemeka kwa hasira, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wahamiaji. Safari hazikupungua.

Asiyeweza kuja kwenye sikukuu hutuma boksi. Boksi hilo kubwa hujazwa kwa miezi: sabuni, nyama za kopo, taulo, chokoleti, viatu vilivyopimwa kwa unyayo uliochorwa kwenye karatasi. Husafirishwa kwa meli na hufunguliwa mbele ya ukoo wote, na kila mtu hupata chake, pamoja na jirani aliyekesha kwenye msiba wa babu. Mtoto hulelewa na bibi, na mama huonekana kwenye simu. Hapa mimi naona mila imebebeshwa mzigo usio wake. Kusaidiana kati ya nyumba na nyumba ni jambo moja. Kumtegemea mwanamke mmoja aliye Dubai alipe karo, jeneza, paa lililong'olewa na nguruwe wa Mei ni jambo jingine. Naye haruhusiwi kuchoka, maana akisita huambiwa hana shukrani, na nchini Ufilipino hakuna tusi baya zaidi ya hilo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Lucban ipunguze sherehe ili iondokane na umaskini. Umaskini wake umetokana na tozo, bei na upepo, na sherehe ndiyo shule ambamo watu hujifunza nani atakuja mlango ukibishwa usiku. Kinachohitajika ni kipato ndani ya mji wenyewe. Kipo kidogo: wanawake wa Lucban wana sifa ya muda mrefu ya kusuka kofia za buntal, nyuzi nyembamba zinazovutwa kutoka kwenye shina la jani la mti wa buri, ndugu wa mvumo. Kofia nzuri hukunjika bila kuvunjika na huuzwa kwa bei kubwa katika maduka ya mbali. Msukaji hubaki na kidogo. Ukijaliwa kufika Mei, kubali kila sahani utakayopewa, kisha ulizia nyumba ya msukaji, ununue kwake mwenyewe, na usimpunguzie bei.