Pikipiki ya kwanza na feza kidogo: mambo nilijifunza kwa kulipa



Kila mwaka, wakati promosio mpya inatoka, kuko wadogo wetu wenye kunipigia simu na swali moja tu: "Yaya, niko na dola 700, nikamate moto gani?" Wanataka niwape jina la marke, basi waende magazini siku ileile. Mimi siwapi jina. Nawauliza kwanza: hiyo dola 700 ndiyo yote uko nayo? Kama ni yote, basi hauna feza ya pikipiki ya dola 700. Uko na feza ya pikipiki ya dola 500. Wengine wanakasirika. Leo naandika sababu yake kwa urefu, maana mimi mwenyewe nililipa ili niijue.

Nilipomaliza agronomi, nilipata kazi ya miezi mitatu ya kufuata wakulima wa viazi na vitunguu upande wa Masereka na Kyondo. Sharti lilikuwa moja: uwe na pikipiki yako. Nilikuwa na akiba ya dola 300. Mu likelemba yetu tulikuwa watu kumi, kila mtu dola 50 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa ya pili. Nikapokea dola 500. Jumla 800. Komisionere mmoja hapa Butembo akanionyesha pikipiki nyekundu, safi kama ya harusi, kwa dola 780. Nikaiona, nikaisikia inalia vizuri, nikalipa. Nikabaki na dola 20 ya esansi.

Wiki ya tatu, polisi ya rulaje wakanisimamisha. Wakaangalia karte roze, wakaangalia namba ya shasi. Namba mbili za mwisho hazikufanana, na mahali pa namba chuma kilikuwa kimekwanguliwa kisha kupakwa rangi. Pikipiki ikabaki pale. Nikapiga simu ya komisionere: haipatikani. Kazi ikapewa mtu mwingine, na ni haki, maana wakulima hawangojei. Lakini likelemba ilikuwa na zamu nane mbele, na kila mwezi nilitoa dola 50 kwa ajili ya pikipiki ambayo sina. Miezi nane. Mama yangu aliuza nguruwe wawili ili nisipate haya mbele ya wenzangu.

Kwa hiyo, ndugu, haya nayosema hapa sikuyasoma mu kitabu.

1. Gawa feza kabla ya kuangalia pikipiki

Mu kila dola 10 uko nayo, 7 iende ku pikipiki, 3 ibaki. Hiyo 3 ni ya makaratasi, kaske, vitu vya kubadilisha mara moja, na akiba kidogo ya mwezi wa kwanza. Pikipiki ya okazio inakuja karibu kila mara na njaa yake: pine ya nyuma imekwisha, sheni imelegea, mafuta ya mashini ni meusi kama kahawa. Ukimaliza feza yote siku ya kununua, utaendesha na vitu vibovu "kwa muda," na huo muda ndio unaua mashini, au unakuua weye.

Mara ya pili, mwaka mmoja na nusu nyuma ya hasara ile, nilikuwa na dola 900. Niligawa hivi: pikipiki 650, sheni na pinyo zake 20, pine ya nyuma 30, vidanji, buji na filtri ya hewa 10, kaske mbili 40, kubadilisha majina ku makaratasi pamoja na asiransi 90, akiba 60. Bei zinabadilika na kwenu zinaweza kuwa zingine, lakini namna ya kugawa ni ileile.

2. Jiulize barabara gani na muzigo gani

Pikipiki ya mtu wa kutembea mu mji, ku lami na ku vumbi ya katikati, si lazima iwe ya mtu wa kupanda milima ya Lubero na mkulima mgongoni pamoja na mfuko wa mbegu. Mashini ya 100 inakunywa kidogo na bei yake iko chini. Kwa mtu mmoja mwenye kwenda kazini na kurudi, inatosha. Lakini ukiipakia watu wawili na kilo 40, ku mupando itaomba vitesi ya kwanza muda wote, na mashini yenye kulia kila siku haizeeki vizuri.

Mashini ya 125 ndiyo wengi wetu tunaihitaji. Inakunywa kama lita 2 hivi kwa kilometa 100 kama unaendesha na akili, na inapanda bila kuteswa. Ya 150 iko na nguvu zaidi, lakini bei inapanda, uzito pia. Kama bado unajifunza, uzito ni jambo kubwa: siku itakayokuangukia mu matope, lazima uweze kuisimamisha peke yako.

Na urefu wako? Kaa juu yake, weka miguu chini. Kama vidole tu ndivyo vinagusa, iache. Ku kilima chenye mawe, utasimama katikati na mguu hautapata chini. Usione haya kuomba ile ya chini zaidi.

3. Marke nzuri ni ile yenye piesi karibu na wewe

Kwetu huku wengi wako na TVS na Bajaj Boxer, zote mbili kutoka India. Kuko pia za Uchina, kama Haojue na Senke, ambazo mara nyingi bei yake ya kwanza iko chini. Sisemi moja ni shetani na ingine ni malaika. Nasema hivi: nenda ku garaji ya karibu na nyumba yako, kisha ku garaji ya kijiji unakoenda kufanya kazi, uliza kebo ya ambriyaji ya ile pikipiki unaitaka iko bei gani na inapatikana wapi. Kama fundi wa kijijini anasema "ile lazima nitume mu mji," umepata jibu lako. Pikipiki ya bei ndogo yenye kulala siku nne kungojea kipande cha dola 3 si ya bei ndogo.

Kuko wenye kutamani Yamaha AG 100, ile ya miradi na maparokia. Ni ngumu, inapanda pahali pabaya. Lakini mashini yake ni ya mapigo mawili: inaunguza mafuta ya mashini pamoja na esansi, kwa hiyo unanunua vyote viwili kila wakati. Kama feza ni kidogo, hesabu hiyo kwanza.

4. Mupya ao okazio?

Mupya iko na faida kubwa: unajua historia yake, maana historia inaanza na wewe. Ukiweza, nunua mupya ya mashini ndogo kuliko okazio ya mashini kubwa. Lakini iheshimu ku rodaji: kilometa 500 za kwanza usiikaze, usiipakie sana, kisha mwaga mafuta ya kwanza mapema, juu yamebeba chembe za chuma za mashini inayojisugua.

Okazio, uliza kwanza ilikuwa inafanya kazi gani. Pikipiki ya motari, yenye kutoka saa kumi na moja ya asubuhi mpaka usiku, ya miaka miwili inaweza kuwa imechoka kuliko ya mwalimu ya miaka sita. Usiamini kilometa za kontere. Kebo ya kontere inatolewa na mikono miwili tu, na wengi wanaitoa.

5. Namna ya kuipima

Hapa namshukuru Papa fundi, mzee mmoja ambaye ananiitaka "Enjenyeri" kwa kunicheka kidogo. Siku nilimwomba anisindikize, aliniuliza: "Enjenyeri, ile ya kwanza, ulienda kuiangalia saa ngapi?" Nikasema saa nane ya mchana. Akasema: "Na ilikuwa moto ao baridi?" Sikujua. "Basi," akasema, "hawakukuuzia pikipiki, walikuuzia sauti."

Alinifundisha hivi. Enda asubuhi, kabla hawajaiwasha. Gusa mashini na mkono. Kama iko moto, mwenye kuuza ameificha shida ya kuwaka asubuhi. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, iwashe na kiki, kisha angalia moshi. Moshi wa buluu maana yake inakula mafuta ya mashini, na hiyo ni matengenezo ya ndani, ya bei. Moshi mweusi ni esansi kupita kiasi, mara nyingi karburatere ao filtri, si kilio. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni maji tu, unaisha.

Nyuma ya pale: simamisha pikipiki ku beki ya katikati, kamata gurudumu na mikono miwili, litikise kushoto na kuume. Likicheza, rulma zimekwisha ao ekseli imelegea. Angalia miguu ya mbele ya amortisere: kama kuko mafuta yanatoka, hesabu feza ya joenti. Vuta sheni nyuma ya pinyo kubwa: kama inaachana na meno, imekwisha pamoja na pinyo. Mwambie mtu aisukume pole pole mbele yako ku vumbi, na wewe uangalie nyuma: pine mbili lazima zifuate mustari mmoja. Kama kila moja inachora njia yake, ilianguka vibaya na shasi imepinda. Tafuta pia sudire mupya ku shasi, hasa karibu na shingo. Rangi mupya mahali pamoja tu, uliza sababu.

6. Makaratasi kabla ya feza

Hili ndilo liliniumiza, kwa hiyo naliweka kwa sauti kubwa. Namba ya shasi iko ku shingo ya pikipiki, namba ya mashini iko ku mwili wa mashini. Safisha na kitambaa, soma mwenyewe, linganisha na karte roze namba kwa namba, zote, si tatu za kwanza. Jina ku karte roze lazima liwe la yule anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Kama anasema "ni ya shemeji wangu, yuko safari," ngojea shemeji arudi.

Andikeni akte ya mauzo na mashahidi wawili, ao bora zaidi mbele ya viongozi wa komuni. Feza itoke mu mfuko nyuma ya saini. Kisha ubadilishe jina haraka, usiseme "nitafanya mwezi kesho." Na komisionere? Kuko wazuri. Lakini komisionere si mwenye mali. Mlipe kazi yake, feza ya pikipiki umpe mwenyewe mkononi.

7. Kichwa chako pia ni piesi

Kaske si kwa ajili ya polisi. Nunua mbili, yako na ya mtu unayebeba, na ufunge kamba. Jifunze mahali pa wazi wiki mbili ao tatu kabla ya kubeba mtu. Ku mteremko, tumia vitesi ya chini kushikilia mashini, usikaze freni mpaka ipate moto. Mvua ikinyesha ku udongo wetu mwekundu, hata motari wa miaka kumi anateremka na miguu chini. Wewe ni nani?

Na uitunze. Sheni, mafuta kidogo kila wiki na icheze kama sentimeta 2 ao 3 katikati, isikazwe kama kamba ya gitare. Filtri ya hewa, ikung'ute mara nyingi wakati wa vumbi. Mi nafanya vidanji kila kilometa 1,500. Esansi ya chupa ya ba-Kadhafi, nunua kwa yule unamjua, maana wengine wanachanganya na petroli ya taa.

Pikipiki yangu ya pili niliinunua kwa mama mmoja mwalimu, aliyekuwa anaenda nayo ku masomo nje ya mji. Tulienda kwake saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Mashini ilikuwa baridi. Haikuwa nzuri ya macho: kiti kimeraruka, kioo kimoja hakuna. Lakini namba zote zilifanana, na jina ku karte roze lilikuwa lake. Ni TVS ya 125, na leo ni mwaka wa nne tunapanda nayo Masereka. Mwezi wa kwanza wa mshahara wa kazi mupya, nilinunua nguruwe wawili, nikawapeleka kwa mama. Alicheka, akasema wale wake walikuwa wakubwa kuliko hawa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama uko Butembo na kuko pikipiki unataka kwenda kuangalia, niite. Tutaenda na Papa fundi. Lakini iwe asubuhi sana, kabla hawajaiwasha.