Geuza ua kabla ya kulitaja gugu

Kando ya njia, kwenye viwanja vilivyoachwa na pembezoni mwa mashamba ya maeneo ya joto, huota gugu lenye shina gumu na maua madogo ya manjano. Watu hulikanyaga kila siku. Wanaoinama kulitazama ni wachache. Wataalamu wa mimea huliita Malvastrum coromandelianum. Jina la pili linapotosha: Coromandel ni pwani ya India, ilhali gugu hili asili yake ni bara la Amerika. Mtaalamu wa mimea Linnaeus ndiye aliyelibandika hiyo Coromandel mwaka 1753, na hadi leo halijabanduka.

Ni la ukoo wa bamia, pamba na choya. Ukoo huo hujulikana katikati ya ua, ambako stameni zimeshikana zikawa mrija mmoja. Aliyewahi kutazama ua la bamia hatapotea hapo. Anapopotea ni kwa ndugu za gugu hili wa jenasi ya Sida, wale ambao mashina yao hukatwa na kufungwa mafagio ya uani. Nao wana maua ya manjano na majani yenye meno pembeni, tena huota palepale. Hata wenye vitabu mkononi huwachanganya.

Suluhisho ni kuligeuza ua. Chini ya sepali zake tano, Malvastrum ina vijani vitatu vyembamba, Sida haina. Tazama hapo, achana na rangi, maana jua huipausha na kamera za simu huiharibu zaidi.

Ua likishapukutika, shika tunda. Ni bapa la mviringo lililogawanyika kama chungwa lililomenywa, mara nyingi vipande 10 hadi 14, kila kimoja na mbegu yake na vimiba vitatu. Tunda la Sida acuta huwa na vipande vichache zaidi, na vimiba vyake ni viwili.

Kwa mkulima wa bamia au pamba hili si jambo la udadisi tu. Inzi weupe, wanaosambaza virusi vya mimea, hupata makazi kwenye magugu ya ukoo huu. Kulifyeka hakutoshi, kwani kisiki huchipua tena. Ling'oe na mzizi wake mvua ikishalainisha ardhi, kabla matunda hayajakauka na kumwaga mbegu.