Dawa za Bara Hindi kwa Maumivu ya Viungo: Zifaazo na Ziogopwazo

Maradhi ya viungo, ambayo watu wengi huyaita kwa jina moja tu la baridi yabisi, humtesa mtu polepole. Si maradhi ya kuua upesi, lakini humnyang'anya mtu kazi yake: mkulima hawezi kushika jembe, mama hawezi kukuna nazi, na mzee akiketi hawezi kuinuka ila kwa kushikwa mkono. Tena kwa kuwa maumivu yake huja na kuondoka miaka mingi, mgonjwa huwa tayari kujaribu kila dawa atakayoambiwa. Miongoni mwa dawa hizo zimo zile za Bara Hindi ziitwazo Ayurveda, ambazo siku hizi huuzwa katika nchi nyingi, madukani na kwa njia ya intaneti. Basi yatupasa kujua asili yake, na kupambanua zilizo njema na zenye hatari.

Ayurveda ni neno la Kisanskriti, maana yake ni elimu ya uhai. Vitabu vyake vya kale vilivyo mashuhuri ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Elimu hii yafundisha kwamba mwili hutawaliwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata hufananishwa na upepo, nayo tabia yake ni baridi na ukavu. Ikizidi, huingia katika viungo na kuleta maumivu. Jambo hili si geni kwetu, maana hata jina letu la baridi yabisi latoka katika elimu ya matabibu wa kale wa Kiarabu, nalo maana yake ni hiyo hiyo, baridi na ukavu.

Waganga wa Ayurveda, waitwao vaidya, hawayahesabu maradhi yote ya viungo kuwa ni maradhi mamoja. Yako yaitwayo sandhivata, ambayo hukaribia yale ya wazee, ambapo gegedu iliyo baina ya mifupa huchakaa, hasa magotini na nyongani. Yako yaitwayo amavata, yenye uvimbe na ugumu wa viungo vingi, nayo hukaribia maradhi ambayo katika hospitali hujulikana kuwa ni ya kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Tena yako yaitwayo vatarakta, yanayofanana na jongo, ambalo mara nyingi huanza kwa kidole gumba cha mguu.

Tiba zao nyingi ni za vitu tuvijuavyo. Kiungo kilichokakamaa huchuliwa kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo. Lakini katika amavata, wakati uvimbe ungali mkali, vaidya hakichui kiungo kwa mafuta; hukikanda kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani. Mgonjwa hupewa chakula chepesi na tangawizi kavu, na pengine mafuta ya mbarika ili aharishe. Manjano nayo hutumika sana, na hali kadhalika utomvu wa mti uitwao shallaki, ambao ni jamaa ya miti itoayo ubani.

Je, dawa hizi zafaa? Joto na kuchua huweza kupunguza maumivu kwa muda, wala gharama yake si kubwa. Manjano na shallaki zimejaribiwa na wataalamu kwa wagonjwa wa magoti, na baadhi yao walipata nafuu. Walakini majaribio mengi yalikuwa madogo. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Coimbatore, Bara Hindi, kulinganisha Ayurveda na dawa ya hospitali iitwayo methotrexate katika ule ugonjwa wa kinga ya mwili. Matokeo yalikaribiana, lakini wagonjwa walikuwa 43 tu. Idadi hiyo ni ndogo mno, haimtoshi mtu kuacha dawa yake ya hospitali.

Sasa tutazame hatari. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa makusudi kwa madini yaliyochomwa, ziitwazo bhasma. Mwaka 2004 waganga wa Marekani walichapisha habari za dawa 70 zilizonunuliwa katika maduka ya Boston na vitongoji vyake: 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha habari nyingine za dawa 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Risasi huharibu damu na ubongo, na zebaki huharibu figo. Tena wako wauzaji wenye hila ambao huchanganya unga wa mitishamba na dawa kali za aina ya steroidi. Mgonjwa hupona kwa siku tatu akasifu dawa, kumbe mifupa yake inadhoofika, na sukari na shinikizo la damu vinapanda.

Hata vitu vya jikoni vina mipaka. Vidonge vikali vya manjano vimepata kuwadhuru watu ini. Wala havimfai mtu anywaye dawa za kuzuia damu isigande, ila kwa shauri la mganga. Mafuta ya mbarika hayamfai mwenye mimba, na mbegu zake zina sumu ya kuua, zisitafunwe kamwe.

Basi mwenye maradhi ya viungo na ashike maneno haya:

1. Kiungo kikivimba ghafula, kikawa chekundu na cha moto, na homa ikawapo, aende hospitali siku ile ile. Huenda usaha umeingia ndani.

2. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa muda wa majuma, asikawie kupimwa. Ugonjwa huu hula mifupa, na mfupa ulioliwa haurudi kwa dawa yo yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Mwenye maumivu ya goti la uzee asilale tu; atembee kwa kiasi, atie nguvu misuli ya mapaja, na akiwa mnene apunguze uzito.

4. Asinunue unga wala kidonge kisichoandikwa vilivyomo na mahali kilipotengenezwa.

5. Akitumia dawa ya Ayurveda, amwambie mganga wa hospitali pasipo kuona haya, wala asiache dawa aliyopewa.

Kuchua kwa mafuta na kukanda kwa joto kwaweza kumsaidia mgonjwa aliyekwisha pimwa. Lakini asiyepimwa, akitegemea hayo peke yake, huenda akapata nafuu ya maumivu huku vidole vyake vikipindika.