Hasira ya shabiki wa Taifa Stars: haki yake na mipaka yake

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Taifa Stars ilifungwa na Morocco bao 1-0 na kutolewa katika robo fainali ya CHAN, yaani mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Hapa Kwakoa, chini ya milima ya Upare, mazungumzo hayakuishia usiku ule. Yalihamia dukani, barazani, na hata mahali pa kutawadhia. Kwa masikitiko, sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ilikuwa ni matusi.

Makala haya hayamkatazi shabiki kuhuzunika, kwa kuwa sababu anazo. Timu yetu ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980 nchini Nigeria, ikapata sare moja na kufungwa mechi mbili. Ikapita miaka 39 kabla ya kurudi tena, mwaka 2019 nchini Misri. Huko ilifungwa mechi zote tatu, ikiwemo ile ya Kenya ambayo tuliongoza mara mbili na tukamaliza tumelala 3-2. Januari 2024, nchini Ivory Coast, tulikuwa mbele ya Zambia kwa bao la Simon Msuva, na wapinzani walikuwa wamebaki 10 tangu mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Kwa jumla, katika fainali hizo tatu, tumecheza mechi 9, tumetoka sare 3, tumefungwa 6, na hatujashinda hata moja. Mtu aliyefuatilia historia hiyo kwa mapenzi ana haki ya kusema imetosha.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake, nao ni uadilifu. Sisi Waislamu tumeamrishwa kusema kwa uadilifu hata juu ya watu tunaowachukia, sembuse vijana wetu wenyewe? Na uadilifu kuhusu CHAN hiyo ya mwaka 2025 unatutaka tuyataje yote. Timu ile iliifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, kisha ikatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kufika robo fainali ya mashindano hayo. Madagascar hao hao tuliowafunga walifika fainali, na Morocco waliotutoa ndio waliotwaa kombe. Anayesema kwamba vijana wale hawakufanya lolote hasemi kweli, japo uchungu wake ni wa kweli.

Tuje sasa kwenye chanzo, kwani lawama isiyojua chanzo haimsaidii mtu. Tazama wafungaji bora wa Ligi Kuu yetu. Msimu wa 2021/22 alikuwa Mtanzania, George Mpole wa Geita Gold, kwa mabao 17. Msimu uliofuata walilingana wawili, Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Msimu wa 2023/24 akawa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, na wa 2024/25 akawa Jean Ahoua wa Ivory Coast. Langoni nako, msimu huo wa 2024/25 Yanga ilimtegemea Djigui Diarra wa Mali, na Simba ikamtegemea Moussa Camara wa Guinea. Kanuni ya msimu huo iliiruhusu klabu kusajili hadi wageni 12.

Wageni hao hawana kosa. Wanatafuta riziki ya halali, na wameifanya ligi yetu iheshimike. Lakini shabiki anayeidai klabu yake mshambuliaji mpya wa kigeni kila msimu, kisha akashangaa kwa nini timu ya taifa haifungi mabao, anadai mavuno ya shamba ambalo hataki lilimwe. Feisal Salum alifunga mabao 19 msimu wa 2023/24, na Clement Mzize ndiye aliyefunga yote mawili dhidi ya Madagascar. Vipaji vipo. Kinachokosekana ni dakika za kucheza, viwanja vya watoto huku vijijini, na walimu wa kuwafundisha wangali wadogo. Hayo ndiyo ya kuuliza kwa viongozi wa mpira, kwa sauti kubwa na kwa adabu.

Limebaki jambo la nyumbani, ambalo ndilo lililonifanya niandike katika kurasa hizi za familia. Baba anayerudi kutoka kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira akiwa amenuna, asiyejibu salamu ya mkewe na kuwafokea watoto, amewatoza watu wasiohusika deni la wachezaji 11. Mtoto anayemsikia babake akimwita mchezaji kwa jina la mnyama atakwenda kumwita hivyo mwenzake madrasa kesho yake. Sura ya Hujurat imekataza dharau na majina mabaya. Haikumtoa mchezaji wa mpira katika katazo hilo.

Tena tupime vizuri: je, hasira ile ni ya nchi au ni ya mkeka? Wapo vijana wanaolia kwamba Taifa Stars imewaangusha, kumbe kilichoanguka ni fedha ya mboga waliyoiweka kwenye kamari. Huzuni hiyo haina uhusiano na uzalendo. Dawa yake ni kuacha, na familia imsaidie aache bila kumfedhehesha mbele za watu.

Desemba 2025 Taifa Stars ilipangiwa kwenda Morocco kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, katika kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Lilikuwa kundi zito, na hata katika mashindano yajayo huenda tukafungwa. Tuswali kwanza, kisha tutazame, tushangilie, na tukifungwa tuseme ni wapi tulikosea: beki alichelewa, kocha hakubadilisha mapema. Hayo ni maneno ambayo mchezaji akiyasikia atajirekebisha. Kisha turudi nyumbani kwa salamu.