Kompyuta Iachwe Iombe Anwani Yenyewe

Msimu wa ununuzi unapokaribia, ofisi ya chama cha msingi iliyozoea kompyuta moja hujikuta ina tatu au nne: ya katibu, ya mtunza hesabu, ya karani wa mizani, na pengine nyingine ya kuazima. Hapo ndipo kosa dogo linapoweza kuchelewesha orodha ya malipo ya wakulima, nalo ni kompyuta mbili kupewa anwani moja.

Kila kompyuta katika mtandao wa ofisi hutambuliwa kwa anwani yenye mafungu manne ya tarakimu, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Fundi anapoziandika anwani hizo kwa mkono, hulazimika kuziweka katika daftari. Daftari likipotea, anayemfuata hubahatisha. Mashine mbili zenye anwani moja ni sawa na wanachama wawili wenye namba moja ya uanachama: haijulikani taarifa ni ya nani, na mara nyingi mojawapo hukatika mtandaoni.

Dawa yake ni utaratibu uitwao DHCP, uliotangazwa mwaka 1993 na kuandikwa upya mwaka 1997. Kompyuta ikiwashwa hupiga mbiu kumtafuta mgawaji wa anwani. Mgawaji, ambaye katika ofisi ndogo huwa ni ruta, huitajia anwani iliyo wazi, kompyuta huiomba, ruta huithibitisha. Anwani hiyo haitolewi kwa milele, bali hukodishwa kwa muda, nao muda ukifika nusu kompyuta huomba kuongezewa. Hivyo mashine ya kuazima ikirudishwa kwa mwenyewe, anwani yake hatimaye hurudi ghalani ikampata mwingine.

Katika kompyuta za Windows 11, zilizo nyingi kwa Kiingereza, makatibu wafungue mipangilio ya mtandao, na penye ugawaji wa anwani ya IP wachague neno Automatic badala ya Manual. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

Printa isiachwe ibadilishe anwani ovyo, kwa sababu kompyuta zote huitafuta pale pale ilipozoeleka; ruta iagizwe kuitengea anwani yake. Aidha, mgawaji awe mmoja tu. Ofisi ikinunua ruta ya pili ili mawimbi yafike ghalani, nayo huanza kugawa anwani zake yenyewe, na nusu ya ofisi hupotea njia bila mtu kufahamu sababu. Ugawaji wa ruta hiyo uzimwe kabla haijaunganishwa.

Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba isijibiwe, ikajitungia. Itazamwe kwanza kama waya umechomeka vema na kama ruta inawaka, ndipo fundi aitwe.